Nani Aufuate Mkuki?

Jina la Sumbawanga, likifasiriwa kutoka Kifipa, ni amri: tupa uchawi. Wenyeji hulieleza kwamba mgeni aliyepanda kuja mjini alitakiwa kwanza akiweke chini kila alichobeba cha kuwadhuru watu, ndipo akaribishwe. Ni miji michache iliyojipa jina la ukaguzi. Mingine hujiita kwa mito yake, au kwa miti, au kwa mtu aliyetangulia kujenga. Huu umejiita kwa swali linaloulizwa mlangoni: umebeba nini?

Kasense ni kata mojawapo ya mji huo, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako mtu wa pwani akifika katika miezi ya kipupwe hutafuta koti kabla hajatafuta chakula. Watu hulima mahindi, maharage na ulezi. Kabla ya majembe ya viwandani kuingia, jembe la kulimia lilikuwa la Ufipa lenyewe, kwani Wafipa walikuwa mashuhuri kwa chuma. Waliyayeyusha mawe yake katika tanuri la udongo waliloliita ilungu, refu kuliko kimo cha mtu, kisha wakakisafisha chuma katika tanuri dogo, na mwisho kikafika kwa mhunzi. Katika moto huo mmoja jembe lilitoka, na mkuki ulitoka.

Lakini jembe lina tabia ambayo mkuki hauna. Jembe huliwa na ardhi, likarudi kwa mhunzi kufuliwa upya, na mhunzi akilitazama tu hujua limelima wapi, penye changarawe au penye udongo laini, na aliyelishika ni hodari au mvivu. Mkuki hauna haja ya kurudi. Ukishatoka mkononi, habari zake huletwa na wengine, na aghalabu huletwa na waliochomwa. Hapo ndipo swali linapozaliwa: aliyeufua mkuki akampa mwenziwe, je, wajibu wake hukomea penye kiganja chake, au huufuata mkuki uendako?

Swali hilo, likivikwa nguo za dola, huitwa usimamizi wa serikali juu ya misaada ya kijeshi kwa nchi za nje, na mara tu likitajwa kwa jina hilo refu watu hudhani ni swali la Washington. Kweli huko lina sheria. Mwaka 1997 Seneta Patrick Leahy wa jimbo la Vermont aliingiza katika sheria za fedha za Marekani kifungu kilichobeba jina lake mpaka leo, kinachokataza msaada kupewa kikosi chochote cha askari wa kigeni ambacho kuna habari za kuaminika kwamba kimeua watu nje ya sheria, kimetesa, kimebaka au kimepoteza watu wasionekane tena. Sheria hiyo haiinyimi nchi, inakinyima kikosi. Hiyo ndiyo busara yake, na papo hapo ndipo lilipo tundu lake, maana shilingi iliyokatazwa kikosi cha kwanza ikipewa kikosi cha pili huiachia huru shilingi ya mwenye nchi iende kwa kile cha kwanza.

Mkulima wa Kasense angeweza kusema kwamba hayo ni ya mlipa kodi wa Vermont, si yake. Asingesema kweli. Yeye naye ni raia wa nchi iliyotoa mikuki. Mwaka 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam, nayo ikakaa huko mpaka kazi ilipokwisha mwaka 1994. Silaha za Kichina na za Kisovieti ziliteremshwa katika bandari ya Tanzania ziende kwa FRELIMO, kwa ZANU na ZAPU, kwa SWAPO, kwa ANC. Kongwa, Nachingwea, Mgagao: majina haya yanajulikana zaidi kwa wapigania uhuru wa kusini kuliko kwa watoto wa shule za Unguja. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania liliingia Kampala likamwondoa Idi Amin. Machi 2008 askari wa Tanzania walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoteremka Anjouan kumtoa Mohamed Bacar. Nchi maskini, ndiyo, lakini katika jambo hili imekuwa mkono wa juu mara nyingi kuliko inavyokumbukwa.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza kwa nini mkono huo haukufuatwa na jicho, ni haki kukumbuka kwamba Waafrika wana sababu nzuri ya kulichukia jicho la mtoaji. Usimamizi wa silaha haukuanza na Leahy. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi, wakaandika mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na masharti ya bunduki: katika eneo lote la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake, bunduki za kisasa zisiingizwe, na zitakazoingia kwa ruhusa ziwekwe katika bohari za serikali, zitiwe alama, zitolewe kwa cheti tu. Ukiusoma mkataba huo bila kutazama ramani utaona ni kazi ya watu wema. Ukitazama ramani utaona kwamba wenye kushika funguo za bohari walikuwa wale wale waliokuwa wakiigawana nchi, na kwamba askari wao hawakupungukiwa risasi. Biashara ya watumwa ilikuwa uovu, na bunduki zilizotoka pwani kwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa ziliulisha uovu huo; hilo halina ubishi, na mtu wa visiwani asilifunike. Lakini ukaguzi uliokuja kuuzima ulimpokonya mtu mmoja bunduki ukamwachia mwingine.

Ndipo inapoeleweka hasira ya mwaka 1965. Baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano likabaki tatizo la nini kifanywe na ubalozi ule. Tanzania iliporuhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi, Februari mwaka huo. Nyerere akajibu kwa kuwataka wachukue na misaada yao mingine. Ilikuwa hasara kwa nchi changa, na ilikuwa heshima. Jicho la Bonn halikuwa limetazama kama bunduki zingeua mtu asiye na hatia. Lilitazama kama mpokeaji angekaa kitako alipoambiwa akae. Hilo si jicho la usimamizi bali ni hatamu, na farasi yeyote aliyewahi kuvaa hatamu hujua tofauti.

Tanzania basi iliapa, bila ya kiapo kuandikwa mahali, kwamba ikiwa mtoaji haitawavisha wengine hatamu. Vyama vya ukombozi vilipewa ardhi, silaha, chakula na redio, na ndani ya kambi zao viliachiwa kujitawala. Uamuzi huo ulikuwa na utukufu wake, na msomaji asiyeuona utukufu huo hatauelewa uchungu unaofuata.

Mwaka 1975, katika kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, ndani ya ardhi ya Tanzania, Uria Simango aliletwa mbele ya hadhara akasoma maungamo. Alikuwa amewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho. Walikuwapo na wengine, miongoni mwao Joana Simeão na Lázaro Nkavandame. Baadaye walipelekwa Msumbiji, wakauawa bila hukumu ya mahakama; na Celina, mkewe Simango, naye akauawa. Watoto hawakuonyeshwa kaburi. Mwaka uliofuata, katika kambi za Mgagao na Morogoro, vijana wa ZIPRA waliuawa na wenzao wa ZANLA ambao walikuwa wamewekwa nao pamoja katika jeshi moja, jeshi ambalo nchi zilizokuwa mstari wa mbele zilisisitiza liwepo. Na mwaka huo huo wa 1976 Andreas Shipanga na wenzake wa SWAPO, waliokuwa wamekamatwa Zambia, walihamishiwa magereza ya Tanzania wakati mahakama ya Zambia ilipokuwa ikitakiwa kuamuru waletwe mbele yake. Walikaa Tanzania bila kushitakiwa mpaka mwaka 1978.

Si lazima kuamini kwamba Simango alikuwa mtu mwema, wala kwamba Shipanga alikuwa na haki katika ugomvi wake na Sam Nujoma. Mtu mbaya naye ana haki ya hakimu. Jambo linalouma ni jingine: hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililotendeka nje ya uwezo wa aliyetoa. Ardhi ilikuwa yake, bohari ilikuwa yake, gereza lilikuwa lake. Mhunzi hapa hakuwa ameupoteza mkuki porini. Ulikuwa ukitumika uani mwake.

Mtetezi atasema, na hana budi kusikilizwa, kwamba zile zilikuwa nyakati za vita. Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililotumwa katika kitabu. Wapelelezi wa Wareno na wa Makaburu walikuwa kweli, si ndoto za viongozi wenye wasiwasi. Angetokea mbunge akasimama kuuliza idadi ya bunduki zilizopita Mtwara mwezi uliopita, Lisbon ingemshukuru. Utetezi huu ni wa haki mpaka mahali fulani, na mahali hapo ni pale siri inapoacha kumficha rafiki mbele ya adui ikaanza kumficha mtenda mbele ya mtendewa. Idadi ya bunduki ilistahili kufichwa, lakini maungamo ya Simango hayakufichwa hata siku moja: yalisomwa hadharani, waandishi wa habari wakiitwa washuhudie. Kilichokosekana hapo hakikuwa habari bali mtu mwenye wajibu wa kuuliza.

Basi heshima kwa mpokeaji, ambayo mwaka 1965 ilikuwa ngao, miaka kumi baadaye iligeuka pazia. Na ubaya wa pazia hilo ni kwamba mtoaji naye hujificha nyuma yake. Anaposema, hayo ni mambo yao ya ndani, sisi hatuingilii, husikika kama mnyenyekevu. Ilhali anachokilinda ni usingizi wake. Waswahili walikwisha kumwona mtu huyu waliposema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo hufundishwa kama onyo kwa mwenye kuchoma, na bado haijaulizwa yuko wapi ndani yake aliyeufua mkuki.

Kosa limo katika kudhani kwamba msaada wa kijeshi una watu wawili, mtoa na mpokea, na kwamba mjadala wote ni nani kati yao amtazame mwenzake. Mkopo wa mbegu una watu wawili. Bunduki ina watu watatu tangu siku inapotengenezwa, na wa tatu hakualikwa kutia sahihi. Hatamu ni mtoaji kumtazama mpokeaji ili atiiwe. Usimamizi, ukistahili jina hilo, ni raia kuitazama serikali yao wenyewe kwa niaba ya yule wa tatu. Haumdhalilishi mpokeaji, kwa kuwa haumwulizi yeye. Unawauliza waliotoa: mlimpa nani, mlijua nini siku hiyo, na mlipojua zaidi mlifanya nini?

Ugumu wa kazi hiyo asiudharau mtu, na mfano wake mchungu zaidi katika miaka ya karibuni umepita pande zote mbili za Tanzania. Kusini, katika Cabo Delgado, mji wa Mocímboa da Praia, ambako husemwa Kimwani, ndugu wa Kiswahili, ulishambuliwa Oktoba 2017 na kutekwa na waasi Agosti 2020. Mwaka 2021 askari wa Rwanda waliwasili, na mwezi wa Agosti, wakiwa pamoja na wa Msumbiji, waliurudisha. Watu walianza kurejea majumbani mwao. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya, kupitia mfuko wake uitwao Mfuko wa Amani wa Ulaya, ukatoa euro milioni 20 kusaidia kikosi hicho cha Rwanda. Nani atalaumu? Mvuvi aliyerudi penye ngalawa yake hawezi kuulizwa kama anapendelea mashauriano marefu zaidi ya Bunge la Ulaya.

Magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, jeshi hilo hilo lilikuwa likitajwa kwa habari nyingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2012 kwamba Rwanda inawasaidia waasi wa M23, na Marekani ikakata msaada wa kijeshi wa dola 200,000, kiasi kidogo lakini neno zito. Julai 2024 wataalamu hao waliandika kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Kongo. Rwanda imekanusha kuwaunga mkono M23, na hueleza kwamba inajikinga dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi katika mauaji ya kimbari ya 1994. Woga huo nao si wa kubuni. Novemba 2024, miezi minne baada ya ripoti, Umoja wa Ulaya uliongeza euro milioni 20 nyingine kwa ajili ya Msumbiji. Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu.

Euro zile hazikununua risasi za Goma; zilitolewa kwa kazi ya Cabo Delgado, na kazi ilikuwa njema. Lakini jeshi lina hazina moja. Ulaya ilikuwa na kamati, kanuni, wakaguzi na karatasi zote ambazo Dar es Salaam ya mwaka 1975 haikuwa nazo. Jicho lilikuwa wazi, likaona, na mkono ukatoa. Haya yawe tahadhari kwa wanaodhani kwamba ukiandika sheria umemaliza. Kuona na kujizuia ni mambo mawili, na la pili ndilo lenye gharama. Mwenye kutaka kusimamisha msaada wa Novemba alipaswa kuwa tayari kumtazama mvuvi wa Mocímboa usoni na kumwambia kwamba usalama wake umepimwa pamoja na wa mwanamke wa Goma. Yawezekana angekosea. Jibu safi halipo hapa, na anayedai kulijua hajakaa muda wa kutosha na mmoja kati ya watu wale wawili.

Nao Watanzania hawakuwa watazamaji. Mwaka 2013 kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopigana na M23 kiliundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia James Mwakibolwa wa Tanzania. Afisa wa Tanzania aliuawa karibu na Goma Agosti mwaka huo. Desemba 2023 nchi hizo tatu zilipeleka tena askari, safari hii kwa jina la jumuiya ya kusini mwa Afrika, SADC, na Machi 2025 ujumbe huo ukavunjwa. Mama mwenye mwana jeshini, awe wa Kasense au wa Makunduchi, alikuwa na haki ya kujua mwanawe amepelekwa kumsaidia nani, kwa masharti gani, na jeshi la Kongo alilokwenda kulisaidia limewatendea nini raia wake mwenyewe, maana nalo lina madoa yake katika ripoti zile zile.

Angeuliza wapi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 44, yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, na humtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, ambaye ndani ya siku 14 ataitisha Bunge kulitafakari. Ni mlango mzuri. Lakini msaada si vita, angalau katika karatasi. Anayetuma wakufunzi, au anayetoa kambi, au anayempa jirani masanduku ya risasi, hakutangaza vita na yeyote, na mlango wa ibara ya 44 haumhusu. Ipo kamati ya Bunge ya mambo ya nje, ulinzi na usalama, na ipo bajeti ya kila mwaka. Humo mambo mengi husemwa kwa faragha, na faragha, kama ilivyokwisha kusemwa, ina haki yake. Kinachopungua ni kikomo cha faragha hiyo. Lililofichwa mwaka 1975 kwa ajili ya uhai wa watu lilikuwa na sababu gani ya kufichwa mwaka 1995, baada ya Afrika Kusini kupiga kura? Mwaka 2014 mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, katibu mtendaji wa mwisho wa Kamati ya Ukombozi, ulitoa historia ya mapambano yale katika juzuu tisa. Ni kazi kubwa na ya kushukuriwa. Lakini historia ni kazi ya wanahistoria, na hesabu ni kazi ya Bunge, na moja haiwezi kulipa deni la nyingine.

Wafipa wana masimulizi juu ya kupotea kwa enzi ya kwanza, na yapo kwa namna zaidi ya moja. Mfalme wa zamani alikaa Milanzi, jina ambalo hata leo ni la kata ya Sumbawanga, naye na watu wake walihusishwa na uhunzi. Siku moja alitoka kwenda kuwinda, akamwusia mkewe kwamba kigoda cha enzi asimpe mgeni yeyote. Wakaja wanawake watatu, wageni, wazuri wa sura, waliochoka kwa safari ndefu. Kuna wasemao mke aliwaonea haya, na kuna wasemao hakuulizwa kabisa. Wageni wakakaa. Mfalme alipopata habari alirudi mbio, na mawindo yake akayaacha njiani. Alipofika uani, akawakuta wamekwisha kukaa, na mkewe amesimama.